Jagi la Utepe Mweupe

Wazo la mashindano ya kokteli lilikuwa la binti yangu, na niseme mapema kwamba nililipenda kuliko mtu mwingine yeyote pale nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningekuwa nimelazimishwa, ningesema walinikokota. Lakini ni mimi niliyenunua glasi, ni mimi niliyekata tawi la saipresi nyuma ya zizi nikalisimamisha kwenye debe la mchanga, na ni mimi niliyezunguka Mutuini nzima kutafuta barafu siku ambayo kila duka lilikuwa limefungwa.

Mimi sinywi pombe. Niliacha zamani, binti yangu akiwa bado shule ya msingi, na sina haja ya kueleza hapa nilivyokuwa nikinywa. Itoshe kusema kwamba kwangu mimi hakuna kidogo. Wako watu wa kunywa glasi moja, wakafunika chupa, wakaenda kulala. Baadhi ya ndugu zangu wako hivyo na siwaonei gere. Mimi nikianza sisimami mpaka kitu kivunjike, na mara ya mwisho kilichokaribia kuvunjika ni nyumba hii. Daktari aliniambia, wenzangu wa kikundi cha watu walioacha wakaniambia, na mwili wangu ulikuwa umeniambia kabla yao wote.

Kwa hiyo kila Krismasi familia ikija kwangu, na huja kwangu kwa sababu ndimi mwenye uwanja mkubwa, mimi nilikuwa nawekwa na watoto. Sikuwekwa kwa ubaya. Dada yangu mkubwa alikuwa akisema tu, "Wewe kaa huku, huku kuna soda," nami naenda. Mtu mzima na kitambi changu, mwenye duka la bawaba na vitasa kule River Road, naketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mtoto anayelia kwa sababu puto lake limepasuka. Upande wa pili wa uwanja watu wazima wanacheka. Nikisogea, kicheko kinapungua. Jaribu kukaa hivyo Krismasi baada ya Krismasi uniambie ni raha.

Basi mwaka huo, mwanzoni mwa Desemba, binti yangu akanikuta jikoni, simu mkononi. Mimi humwita mami, maana amebeba jina la mama yangu mzazi, na kwetu mtoto wa namna hiyo ni mama yako kweli: unamheshimu huku unamtuma chumvi.

"Dad, nimepata kitu poa ya Krismasi," akasema. "Kila nyumba itengeneze kokteli yake ya Krismasi, alafu tushindane. Na jaji ni wewe."

"Jaji wa pombe, mimi? Mami, umeamka vizuri kweli?"

"Si ungoje nimalize! Kila mtu anatengeneza jagi mbili. Moja iko na pombe, hiyo ingine haina, lakini zinakaa sawa na ladha ni ile ile. Wewe unaonja ile haina. Si jaji lazima akuwe mtu hajalewa?"

Akanieleza mpaka na alama. Jagi lenye pombe litafungwa utepe mwekundu kwenye mkono wake, lisilo na pombe litafungwa utepe mweupe. Hakuna mtu atakayegusa utepe wa mwenzake. Mimi nitakaa kwenye kiti cha mbele, katikati ya uwanja, na watu watanisubiri niseme nani ameshinda. Nilimwangalia yule mtoto nikataka kulia. Nilijiambia, hatimaye kuna mtu ameona mahali ninapokaa.

Lakini mwezi uliokuwa unafuata kulikuwa na jambo kubwa kuliko kokteli. Binti yangu alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa wanakuja kumaliza mambo ya mahari. Siku kama hiyo kwetu ina kilele chake. Binti anamiminiwa muratina, ile pombe ya asali tunayopika kwa sherehe, kwenye pembe ya ng'ombe. Anaonja yeye kwanza, kisha anampa baba yake. Baba akiipokea na kunywa papo hapo, bila kusita, wazee wanajua amekubali kwa roho safi. Akisita, watu wanaanza kutazamana. Kwani ana nini huyu? Hajaridhika? Nimewahi kuona sherehe ikilala kwa sababu baba alishika pembe muda mrefu akifikiri mambo yake.

Mimi nilikuwa nimeshatoa uamuzi wangu. Kwenye ile pembe itawekwa asali iliyokorogwa kwa maji, basi. Nilimpigia simu baba wa kijana aliyekuwa anamwoa, mtu muungwana sana, naye akasema hana neno, kila mtu na afya yake. Aliyekuwa na neno ni dada yangu. Huyu dada ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, bia hajawahi hata kuinusa, lakini muratina kwake si pombe. Wako wengi kwetu wenye imani hiyo. Bia ni pombe, wiski ni pombe, chang'aa ni shetani mwenyewe, ila muratina ni asali ya wazee na ni baraka.

"Utaaibisha huyu mtoto," aliniambia, tukiwa tumesimama langoni. "Maji haiozeshi mtu. Wazee watasema umekataa."

"Wazee waseme wanavyotaka. Mimi sinywi."

"Tama moja! Tama moja itakufanya nini?"

"Itanifanya vile unajua itanifanya."

Binti yangu alikuwa pale pale, amebeba mtungi wa gesi mtupu. Nikamuuliza, "Mami, wewe unaonaje?" Akasema, "Ni sawa, Dad. Asali na maji ni sawa." Nikamwamini. Sikuona sababu ya kutomwamini, yeye ndiye aliyekuwa akinisindikiza kwenye mikutano ya kikundi akiwa msichana mdogo, ananisubiri nje akifanya hesabu za shule kwenye ngazi.

Tulifanya mashindano siku iliyofuata Krismasi, alasiri, jua likiwa kali. Niliweka meza mbili pamoja nikatandika kitambaa chekundu. Mke wangu alikuwa jikoni akisukuma chapati, na nilimwita mara kadhaa aje aone majagi yalivyopendeza. Kila mara alinijibu kwamba unga utakauka. Nilimtania kwamba amekuwa mpishi wa hoteli, hataki kuonana na wateja. Hakucheka.

Mdogo wangu wa kiume alikuja na kinywaji alichokiita Nyota ya Mashariki, sharubati ya nanasi na pasheni, juu yake kinaelea kipande cha karoti alichodai amekikata kwa umbo la nyota. Nilimwambia hiyo ni nyota iliyogongwa na lori. Watu walicheka na mimi nikiwa katikati yao, na kicheko hakikupungua. Dada yangu alileta Theluji ya Mutuini, maziwa na tangawizi, glasi imepakwa nazi iliyokunwa kwenye mdomo wake. Nilisifu ile nazi, nikasema theluji ya kwetu angalau inalika.

Na kila glasi niliyopewa niliinusa kwanza. Watu wote wananijua kwa hilo. Harusini, matangani, hata kanisani, mimi hunusa kikombe kabla ya kunywa. Siyo kwamba namshuku mtu, ni desturi tuliyofundishwa kwenye kikundi. Nilinusa ya mdogo wangu. Nilinusa ya dada yangu, naye akabenua mdomo kidogo, nikamwambia, "Sheria ni sheria, mama kanisa."

Kisha binti yangu akaja na jagi lake la utepe mweupe. Alikuwa amevaa gauni la kijani na kofia nyekundu ya Krismasi imeinama upande. Akamimina pole pole. Kinywaji chenyewe kilikuwa cha rangi ya asali, kimepigwa ndimu, mdalasini na tangawizi ya kutosha. "Hii inaitwa Baraka ya Baba," akasema, akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama atakavyonipa ile pembe mwezi unaofuata.

Ile sikuinusa. Ndiyo glasi pekee ambayo sikuinusa siku hiyo. Nilitaka watu wote waone kwamba ya huyu siinusi. Niliipokea nikainua juu, nikasema, "Kwa mama yangu," na nikanywa karibu nusu.

Ilikuwa tamu. Nilishasema kwa sauti kwamba huyu ameshinda, wengine wafunge virago, ndipo nyuma ya ndimu na mdalasini nikakuta kitu ninachokijua. Kuna uchachu fulani muratina inauacha chini ya ulimi. Hata upike ukiwa umefunga macho, uchachu ule ni mmoja tu duniani. Koo likapata joto, joto likashuka kifuani, na mwili wangu wote ukaamka kwa furaha, mwili mjinga, mwili usio na aibu. Mate yakanijaa mdomoni.

Niliinua macho. Uwanja mzima ulikuwa unaniangalia. Mdogo wangu alikuwa ameelekeza simu kwangu, ananipiga video. Dada yangu alikuwa ameshika mikono kifuani. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa wanangoja.

"Mmeona?" dada yangu akapiga makofi. "Mmeona? Amekufa? Hajakufa! Nusu glasi na amekaa tu hivyo!"

Baadhi yao wakacheka. Walicheka, haki ya Mungu, kama watu walioondolewa mzigo.

"Ni nini hii?" nikamuuliza binti yangu.

"Dad, ni kidogo tu..."

"Nimeuliza ni nini!"

"Ni muratina. Lakini ni kidogo sana, tumechanganya. Tulitaka tu uone haina shida, ndio siku ya wageni usiogope. Tata alisema si pombe." Akamtazama shangazi yake. " Alisema haiwezi hesabika kama pombe."

"Na utepe? Kwa nini utepe ni mweupe?"

Akaangalia chini. "Kama si pombe, ni mweupe," akasema, sauti imekwisha.

Damu ilinichemka. Nimeuziwa bidhaa feki na watu walioniapia kwa jina la Mungu, na sijawahi kukasirika vile. Nilimwambia dada yangu maneno ambayo mwenyekiti wa akina mama hajawahi kuambiwa. Nikamwambia mdogo wangu afute ile video kabla sijaitia simu yake kwenye pipa la barafu. Akasema, "Sasa buda, hii ni mchezo tu," nami nikamuuliza, "Mchezo wa nani? Mimi nacheza wapi?" Maskini mimi, nilidhani nimeitwa kuwa jaji, kumbe wao ndio waliokuwa wamekaa kunihukumu. Zile glasi zote, nyota za karoti, theluji ya nazi, cheo changu cha kukaa mbele, yote yalikuwa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nikaingia jikoni. Mke wangu alikuwa amezima jiko. Kumbe chapati zilikwisha zamani, zimefunikwa kwa taulo, na yeye amesimama tu akiangalia dirisha.

"Wewe pia ulijua," nikasema.

"Niliwakataza," akasema. "Jana usiku kucha niliwakataza."

"Lakini mimi hukuniambia."

Akavuta pumzi. "Wewe sikukuambia," akasema. "Nilidhani mtoto ataghairi. Nilimwangalia asubuhi nikadhani ataghairi."

Nilitoka bila koti. Langoni kulikuwa na boda boda, nikamwambia anipeleke Dagoretti Corner. Njia nzima baa zilikuwa wazi, muziki uko juu, watu wamekaa nje na chupa zao kama kawaida ya sikukuu, na mimi nilikuwa naziona zote, hata zile ambazo sikuwahi kujua zipo. Sitadanganya. Nilitaka ashushe mwendo. Tulipofika mahali palipokuwa na foleni ya magari, tukasimama sawasawa na mlango wa baa moja, nikaweka mguu chini. Kijana wa boda akageuka. "Ni hapa, mzee?" Nikauangalia ule mlango. Magari yakasogea, nikasema siyo hapa.

Pale Dagoretti Corner kuna mwenzangu wa kikundi anayetengeneza friji. Alikuwa amefungua kibanda chake hata sikukuu, anasema nyumbani kuna kelele. Aliniona tu, akaelewa. Hakuniuliza nani wala kwa nini. Alinipa kiti, akanipa maji, akanipa friji bovu nishikilie mlango wake huku anaufungua kwa bisibisi. Nilishikilia ule mlango mpaka skrubu ya mwisho ikatoka. Kisha nikamwambia ni mtoto, nikamwambia tena, ni mtoto wangu aliyenipa. Hapo ndipo machozi yalipotoka. Ya dada yangu ningeyameza. Dada yangu ni mtu wa kichwa kigumu tangu nizaliwe. Ya mtoto nilishindwa.

Sikunywa tena siku hiyo, wala baadaye. Wao hutaja hilo mpaka leo kama ushahidi wao. Si unaona haikukufanya kitu? Hawakunishikia ule mlango wa friji. Zile wiki zilizofuata nilikuwa nashinda dukani nikihesabu misumari isiyohitaji kuhesabiwa, ili nisitoke nje ya mlango, maana River Road kila hatua kuna mtu anauza kinywaji.

Binti yangu aliomba msamaha. Alikuja dukani akiwa ametoka kazini, akasimama kati ya vitasa na komeo, akaniambia kwamba aliogopa. Aliogopa wazee watasema baba yake hakumtoa kwa moyo, aliogopa wakwe watamwona mtu wa kufukuzwa kwao. Aliogopa ningesita mbele ya watu. Nilimwambia nimemsamehe. Nilimsamehe kweli, ni mami wangu, ningefanya nini?

Siku ya wakwe ikafika. Hema lilijaa. Wazee wa pande zote mbili walikuwa mbele, dada yangu amevaa kitenge kipya, amekaa kimya kuliko nilivyowahi kumwona. Ukafika wakati wa pembe. Binti yangu akamiminiwa kutoka kwenye kibuyu tulichokubaliana, cha asali na maji. Alikikoroga yeye mwenyewe asubuhi, mbele ya mama yake. Akaonja. Akapiga hatua akaja, akapiga magoti, akanipa kwa mikono miwili.

Nilijua ni asali na maji. Kichwani nilijua kabisa. Niliipokea, nikaanza kuipeleka mdomoni, na mkono wangu ukasimama wenyewe. Nikainusa.

Niliinusa mbele ya wazee wote. Haikuchukua muda, lakini hakuna aliyekosa kuiona, maana hema zima lilikuwa linaangalia mkono wangu. Mzee mmoja wa upande wa pili akamgeukia mwenzake. Halafu nikanywa yote, nikaipindua pembe chini waone imeisha, na akina mama wakapiga vigelegele, dada yangu akipiga kuliko wote. Sherehe ikaendelea. Binti yangu alibaki amepiga magoti, machozi yanamtiririka. Wageni wakasema aa, analia kwa kuwaacha wazazi.

Siku hizi anakaa kwake na mume wake, na huja kutuona Jumapili. Akifika anaingia jikoni, ananipikia chai ya maziwa jinsi ninavyoipenda, ananiletea pale uwanjani. Kabla ya kunipa, anasimama mbele yangu, anakunywa tama moja yeye kwanza, anameza nikiona, kisha ananipa kikombe. Mimi sikumwambia afanye hivyo. Wala sijamwambia aache.